Kichwa cha treni ya reli ya mita kwa laki mbili: magurudumu kwanza, skeli baadaye

Swali: "Shikamoo mzee. Nipo Kizota, Dodoma. Tangu utotoni nimekuwa nikitazama treni za reli ya zamani zikipita, na sasa nataka kujitengenezea kichwa cha dizeli, kidogo cha kukaa mezani, lakini kitembee kwenye reli, kisiwe pambo tu. Nimeona wenzetu wa nje wana seti za treni za mfano za HO, ila sijaona anayeuza kichwa cha reli yetu ya mita, na bei za seti hizo siziwezi. Nina shilingi laki mbili, kisu, rula, msumeno mdogo wa chuma na pasi ya kuchomelea nyaya. Nichague skeli ipi, na nianzie wapi? Halafu, baadaye naweza kuongeza treni ya SGR kwenye reli hizo hizo?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, ila mpangilio wa swali lako nitaugeuza. Mtu mwenye laki mbili hachagui skeli kwanza, yaani kitu cha kweli kipunguzwe mara ngapi. Anachagua magurudumu, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho kisu na rula yako havitakipa. Bodi, ngazi, vishikio, hata reli zenyewe, vyote utavipata kwenye vitu ambavyo watu wanatupa. Lakini gurudumu la chuma lenye ukingo wake wa ndani, la duara kamili, lililokaa katikati ya ekseli, hulipati jalalani. Likipinda nusu milimita tu, kichwa chako chote kitatembea kama bata.

Tuangalie basi kinachopatikana. Magurudumu ya treni za mfano yaliyo mengi zaidi duniani ni ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Upana huo unatumiwa na skeli mbili zinazofahamika sana: HO ya 1:87, na OO ya Waingereza ya 1:76. Sasa chukua reli yetu ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1000. Gawanya 1000 kwa 16.5, unapata 60.6. Kata hiyo sehemu ndogo, baki na 60. Skeli yako ni 1:60.

Najua utaperuzi mtandaoni na utakuta karibu hakuna kiwanda kinachotengeneza treni za 1:60. Isikutishe. Kwa 1:60, reli ya 16.5 inawakilisha milimita 990 za kweli, pungufu ya asilimia moja tu. Waingereza wenyewe na OO yao hawajafika hapo: bodi zao ni 1:76 lakini reli ni ile ile ya HO, kwa hiyo treni zao zote zimekalia reli nyembamba kuliko inavyotakiwa. Sababu ilikuwa mota. Enzi skeli hiyo inaanza, mota zilizokuwepo hazikuingia kwenye injini za Kiingereza, ambazo ni ndogo kuliko za Marekani na Ulaya bara, basi wakakuza bodi na kuacha reli kama ilivyo. Wamekaa nayo hivyo miaka na miaka. Skeli nyingi duniani zimezaliwa namna hiyo, kwa kufuata kipuri kilichokuwepo.

Utakutana pia na watu wa 1:64 kwenye reli hiyo hiyo ya 16.5. Wapo Australia na New Zealand, na hesabu yao ni sahihi kwa sababu wanaiga reli ya milimita 1067, upana ule ule wa TAZARA. Ungekuwa Mbeya ningekuambia uwafuate. Kwa Dodoma, 1:60. Na hesabu yake ni nyepesi: sentimita 6 za kweli ni milimita 1 kwako, mita 3 ni milimita 50. Kichwa cha urefu wa mita 17 kitakuwa na milimita 283, na upana wa mita 2.7 utakuwa milimita 45. Hicho ni kitu cha kushikika mkononi. Vile vigari vya chuma vya watoto vingi ni karibu na 1:64, kwa hiyo hata barabara ya kando ya stesheni utakuwa na magari ya kuweka.

Kwenye kuagiza magurudumu, usinunue ya HO. Magurudumu ya mabehewa ya HO yana kipenyo cha milimita 10 hivi, ambayo kwa 1:60 ni sentimita 60 tu za kweli, madogo mno. Tafuta ya OO ya milimita 14, yanayotumika kwenye mabehewa ya abiria ya Kiingereza. Zidisha kwa 60: sentimita 84. Hapo gurudumu linafanana na gurudumu la treni. Pakiti ya ekseli ni ndogo na nyepesi, gharama ya kuisafirisha si kama ya kusafirisha seti nzima. Ukipata fundi kerezo mzuri anaweza kukuchongea, lakini mpe sampuli ya kweli mkononi. Ukimpa mchoro tu atakuchongea ukingo mnene kama wa toroli. Nusu ya fedha yako iende hapa. Robo iende kwenye mota, betri na ubao wa kuiongoza. Inayobaki ni gundi, rangi na nauli.

Kitu cha kwanza kujenga kisiwe hicho kichwa. Kiwe kiberenge. Ndiyo, kile kigari cha gangi wa reli. Kina ekseli mbili, kibanda kidogo, urefu wa mita nne hivi, yaani milimita 67 kwako. Kila kitu kitakachokusumbua kwenye kichwa kikubwa kinapatikana humo kwa udogo: kukaza mota, kupitisha nguvu kwenye ekseli, kuficha betri. Ukikosea, umepoteza kadi mbili za plastiki, zile za laini za simu nitakazokueleza mbele. Kikitembea vizuri, una chombo cha kupima reli yako kila unapoongeza kipande.

Mota nunua ya N20 yenye giaboksi yake, ile ndogo inayotumika kwenye roboti za wanafunzi. Ina unene wa milimita 10 kwa 12, inaingia karibu popote. Zinauzwa za kasi nyingi tofauti, na hapa wengi wanachukua yoyote, kiberenge kikaruka kama panya aliyemwagiwa maji. Piga hesabu kwanza. Treni ya kilometa 60 kwa saa inakwenda mita 16.7 kwa sekunde. Gawanya kwa 60, ni milimita 278 kwa sekunde mezani. Gurudumu la milimita 14 lina mzunguko wa milimita 44. Kwa hiyo linatakiwa lizunguke mara 6.3 kwa sekunde, takriban 380 kwa dakika. Mota iliyoandikwa volti 6 na mizunguko 600 kwa dakika, ukiipa volti 3.7 za seli moja ya lithiamu, inakupa kama 370. Umefika. Puli ya mota na puli ya ekseli ziwe na ukubwa sawa, na katikati weka ule mkanda mdogo wa raba wa redio kaseti, mafundi redio wa Majengo au Sabasaba hawakosi. Mota ilale kimkingamo juu ya ekseli, mkanda ushuke upande wa ndani wa gurudumu. Mkanda una faida moja ambayo gia haina: gurudumu likikwama, unateleza, mota haiungui.

Umeme usiupitishe kwenye reli. Vitabu vya nje vinafundisha hivyo, na kwao inafanya kazi, lakini waandishi wake hawajakaa Dodoma mwezi wa nane. Vumbi letu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na gurudumu linalochukua umeme kwenye reli yenye vumbi litakufanya usafishe reli kuliko kuendesha treni. Weka betri ndani. Seli za 18650 zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na betri ya laptop iliyokufa mara nyingi ina seli kadhaa ambazo bado nzima. Ni moja au mbili ndizo zilizoangusha wenzake. Kwenye kiberenge tafuta seli fupi zaidi, 14500, yenye ukubwa wa betri ya rimoti. Usichomelee solda moja kwa moja kwenye seli. Tumia kishikio chake. Ubao wa kuchajia, TP4056, nunua ule wenye ulinzi: utaujua kwa kuwa una sehemu za OUT pembeni ya zile za B. Seli yoyote iliyovimba, yenye kutu, au uliyoipima ukakuta chini ya volti 2, usiihurumie. Na usichaji ukiwa umelala.

Ubao wa kuongoza ni ESP32 pamoja na kibao cha DRV8833 cha kuendesha mota, unadhibiti kwa simu. Vijana wa umri wako mnayajua hayo kuliko mimi, kwa hiyo nitagusa kimoja tu: mota inapoanza kuvuta, volti za seli zinashuka ghafla na ubao unajizima. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na ubao inamaliza ugonjwa huo.

Ukishaamua betri iko ndani, umepata zawadi ya pili: reli si lazima ipitishe umeme. Inaweza kuwa kitu chochote kilichonyooka. Mimi nakushauri spoku za baiskeli. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, ambayo kwa 1:60 ni sentimita 12, urefu unaokaribia wa reli ya kweli. Fundi baiskeli ana bunda la zilizotolewa kwenye ringi zilizopinda. Chagua zilizonyooka, kata kichwa na ile sehemu ya uzi. Mataruma kata kwa mbao za masanduku ya matunda, urefu milimita 30, kwenye kila moja tia mikwaruzo miwili ya kukalia spoku, bandika kwa gundi ya epoksi. Kipande cha plastiki ulichokikata kwa upana wa milimita 16.5 kamili kiwe katikati ya spoku mbili wakati gundi inakauka, na usikitoe kwa haraka. Nyuma kwa nyuma, yaani kati ya nyuso zao za ndani, magurudumu ya ekseli moja yaachane takriban milimita 14.5. Ukiona chombo kinaacha reli, pima hivyo viwili kabla ya kulaumu kitu kingine. Kona usizibane: kichwa cha milimita 283 chenye ekseli sita kinataka nusu kipenyo cha sentimita 60 au zaidi.

Tuje kwenye bodi, sehemu tamu. Karatasi za plastiki ambazo mafundi wa nje wanatumia huku hatuna, lakini tunazo kadi za laini za simu. Ukinunua laini unatoa kile kipande kidogo, unatupa fremu. Kadi hiyo ina milimita 85.6 kwa 54, unene wa 0.76, ngumu, laini usoni, kingo zake zimenyooka kuliko utakavyozikata wewe. Kwa 1:60 kadi moja ni ukuta wa mita 5.1 kwa 3.2. Kadi nne zinafunika ubavu mmoja wa kichwa chako. Waambie mawakala wa laini wa mtaani wakuwekee, baada ya wiki utakuwa na mfuko mzima.

Kadi nyingi ni PVC, na PVC ina gundi yake kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi: gundi ya mabomba. Gundi hiyo inayeyusha plastiki zote mbili zinazogusana na kuzifanya kitu kimoja. Ikishakauka utavunja kadi kabla kiungo hakijaachia. Paka kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo sana, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi wake. Jaribu kwanza kwenye kona: kama baada ya dakika moja plastiki haijalainika, kadi hiyo si ya kundi hilo, tumia super glue. Usikate kadi kwa kukandamiza kisu mpaka chini. Chora mstari mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, kisha ikunje, itavunjika kwenye mstari kama biskuti ya kugawana. Madirisha toboa pembe zake kwanza kwa drili ya mkono, ndipo uchore kutoka tundu hadi tundu. Hapo pembe hazichaniki.

Usijenge ubavu kwa kadi peke yake, utapinda kwenye joto. Nenda kwa watengeneza mabango, waombe mabaki ya ubao mweupe wa plastiki wa milimita 3. Huo ndio mifupa. Kadi ni ngozi. Panga maungio ya kadi yasikutane na maungio ya ubao. Kwenye kingo za juu za boneti piga msasa mpaka ziwe na duara kidogo, maana hakuna dizeli yenye ukingo mkali kama wa kisanduku cha viatu, na jicho linaligundua kosa hilo kabla ya mengine yote. Vishikio ni waya wa simu wa nusu milimita, sawasawa na bomba la sentimita 3. Wavu wa matundu ya hewa chukua chujio la chai. Wavu wa mbu una matundu makubwa mno kwa skeli hii. Ribiti zisukume kwa ncha ya kalamu iliyokauka wino kwenye bati la kopo la soda, upande wa nyuma, kabla hujalibandika. Kitu cha kusolda, kama mabano ya kushikia mota, kata kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo la soda ni aluminiamu, solda haishiki.

Vipimo utavipata kwenye picha. Piga picha ya ubavu ukiwa mbali na ukikuza kwa lenzi, siyo ukiwa karibu, vinginevyo ncha za kichwa zitaonekana zimepungua. Ya mbele piga reli mbili zikionekana: hapo una rula ya milimita 1000 ndani ya picha yenyewe, pima uwiano wa kila kitu kingine kwa hiyo. Ila usishuke kwenye njia na futi ya kupimia, na kabla ya kuinua simu nenda kwa mkuu wa stesheni ujieleze. Watu wa reli wakiona michoro yako wanapenda kusaidia. Wakiona kijana anazungukazunguka yadi na kamera, hawapendi.

Kichwa chenyewe chagua dizeli ya boneti yenye kebini pana. Mota iweke kwenye fremu ya magurudumu iliyo chini ya kebini, maana hapo una milimita 45 za upana, wakati boneti ya mita 1.7 inakupa 28 tu. Itapanda kidogo juu ya sakafu ya kebini, chini ya usawa wa madirisha, hakuna atakayeiona. Mkanda mmoja kutoka mota hadi ekseli ya kwanza, mwingine kutoka hiyo hadi ya pili. Ekseli ya tatu iache iende bure, na mashimo yake yawe marefu kidogo kwenda juu, ili reli ikiwa na kishimo fremu isining'inie. Fremu ya mbele isiendeshwe kabisa. Uzito wote weka juu ya ile inayoendeshwa: risasi za kubalansi matairi, fundi tairi atakupa za zamani bure. Nawa mikono baada ya kuzishika, risasi ni sumu, si kitu cha kushika huku unakula chapati. Na ukija kupata fedha siku moja, tafuta chasi iliyotumika ya OO ya dizeli ya Kiingereza Class 37. Ekseli zake za mwisho zimeachana milimita 54 kwenye kila fremu, ambayo kwa 1:60 ni mita 3.2, na gurudumu la milimita 15 ni sentimita 90. Imekaa kwenye vipimo vya reli ya mita kana kwamba ilikusudiwa.

Mvuke usiuguse bado. Najua utavutiwa, hasa ukiona picha ya namba 3020 iliyopo makumbusho ya reli ya Nairobi, inaitwa Nyaturu, jina la majirani zetu wa Singida. Ukifika huko, bomba la umeme la PVC la milimita 25 ni boila ya mita 1.5 bila kukata chochote. Lakini mikono ya kuunganisha magurudumu ya mvuke inataka usahihi ambao kiberenge na dizeli ndivyo vitakufundisha.

Rangi: wachanganyaji wa rangi za magari wanakuuzia kidogo. Puliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Vumbi tulilolikimbia mwanzoni sasa lina kazi: chekecha udongo mwekundu kwa soksi ya nailoni, upake kwa brashi kavu chini ya bodi. Ekseli zipe tone moja la mafuta ya cherehani, siyo grisi, kwa sababu grisi inakusanya vumbi.

Kuhusu SGR, jibu fupi ni hapana, si kwenye reli hizo. Upana wake wa milimita 1435 kwa 1:60 ni karibu milimita 24, kwa hiyo ungetakiwa kujenga njia nyingine na magurudumu ya kuchongesha. Lakini kumbuka ile hesabu ya mwanzo: kwa 1:87, SGR inakaa kwenye 16.5 barabara. Ukitaka treni zote mbili meza moja, jenga ya SGR kwa 1:87, uiweke nyuma kabisa ya meza juu ya tuta au daraja refu, na reli ya mita iwe mbele kwa 1:60. Kwa kuwa ya SGR ni ndogo, jicho litadhani iko mbali. Acha angalau sentimita 40 kati yake, panda vichaka katikati, na usiwahi kuziacha zisimame sambamba kwenye stesheni moja.